Somo: Kufungua na kufunga muunganisho wa hifadhidata kwenye Python

Programu inaenda vizuri, halafu siku watumiaji wakiongezeka inagoma na kutema `FATAL: sorry, too many clients already`. Wengi hukimbilia kuongeza RAM. Kabla ya kutoa hela, angalia miunganisho uliyofungua ukaiacha wazi. PostgreSQL, hifadhidata tunayotumia kwenye mifano hii, huja na kikomo cha miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengewa msimamizi. Kila muunganisho ni mchakato mzima kwenye seva, unakula kumbukumbu hata ukiwa umekaa bure.

Natumia psycopg2, maktaba ya Python ya kuunganisha na PostgreSQL, maana bado imejaa kwenye miradi mingi. `dsn` kwenye mifano ni maandishi yenye anwani, jina la mtumiaji na nywila ya hifadhidata yako.

Hatua ya 1: Funga kweli

```python
from contextlib import closing
import psycopg2

with closing(psycopg2.connect(dsn)) as conn:
    with conn, conn.cursor() as cur:
        cur.execute(
            "SELECT tarehe, kiasi FROM malipo WHERE mteja_id = %s",
            (mteja_id,),
        )
        malipo = cur.fetchall()
```

Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Kwenye psycopg2, `with conn` haifungi muunganisho. Inathibitisha muamala (transaction) mambo yakienda sawa, au inaufuta kosa likitokea, basi. Anayefunga ni `closing`. sqlite3 ina tabia hiyohiyo. psycopg 3, toleo jipya la psycopg2, wameibadilisha: ukitoka kwenye `with`, muunganisho umefungwa.

Hatua ya 2: Chukua data, toka

Usitume SMS wala kutengeneza PDF ukiwa bado ndani ya `with`. Muamala unabaki wazi ukisubiri, na kama umebadilisha safu mlalo (row) fulani, wengine wanaotaka kuibadilisha wanapanga foleni nyuma yako. Wakosaji utawaona hivi:

```sql
SELECT pid, state, now() - state_change AS muda
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = current_database();
```

Ukiona `idle in transaction` (muamala uko wazi lakini haufanyi kazi) ya dakika kumi, kuna mahali kwenye kodi yako pamesahauliwa.

Hatua ya 3: Akiba ya miunganisho

Kwa tovuti, kufungua muunganisho mpya kila ombi ni kupoteza muda. Weka akiba (connection pool), yaani miunganisho iliyofunguliwa tayari, azima, rudisha:

```python
from psycopg2.pool import ThreadedConnectionPool

akiba = ThreadedConnectionPool(1, 10, dsn)

conn = akiba.getconn()
try:
    with conn, conn.cursor() as cur:
        cur.execute("SELECT count(*) FROM malipo")
        jumla = cur.fetchone()[0]
finally:
    akiba.putconn(conn)
```

Akiba hii ikiisha haisubiri, inarusha `PoolError` papo hapo. Halafu piga hesabu: kila mchakato wa Gunicorn (seva inayoendesha tovuti za Python) una akiba yake. Michakato 8 mara 10 ni miunganisho 80. Ukiongeza seva ya pili kama hiyo, umeshavuka 100.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi natumia SQLAlchemy. Hili linanihusu?*
Linakuhusu. SQLAlchemy ni maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata, na `create_engine` yake ina akiba tayari: 5 za kudumu na 10 za ziada, kwa kila mchakato. Iite mara moja programu inapoanza. Ukiiita ndani ya fanksheni, kila mwito unazaa akiba mpya.

*Kila asubuhi ombi la kwanza linafeli: `MySQL server has gone away`. Shida nini?*
MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 28,800, yaani masaa 8. Usiku hakuna mtu, akiba yako asubuhi ina miunganisho iliyokufa. Kama ni SQLAlchemy, weka `pool_pre_ping=True` kwenye `create_engine`, ipime muunganisho kabla ya kukuazima.

*Si niweke tu `max_connections` 1000 yaishe?*
Kama kodi inavuja, hata 1000 itajaa, ila kwa kuchelewa, na seva itakuwa imeelemewa. Ziba kwanza. Ukishaziba na bado hazitoshi, tafuta PgBouncer, programu inayokaa mbele ya PostgreSQL na kugawana miunganisho michache kwa wateja wengi.

*Nina skripti ya cron inayovuta ripoti usiku. Nayo iwekewe akiba?*
Hapana kaka, hatua ya 1 inakutosha.