Kulima mchicha ndani ya nyumba Ujerumani: taa siyo shida, shida ni unyevu

Nianze na hasara yangu ili tuelewane. Nimeiacha Kaution yangu, yaani ile amana ya pango, ya euro 1,350 kwa mwenye nyumba hapa Hamburg kwa sababu ya mchicha. Siyo taa, siyo bili ya umeme, ni ukungu mweusi nyuma ya kabati.

Desemba huku mchana wote ni masaa saba na nusu hivi na siku nyingi jua lenyewe hulioni, ndo maana nikanunua lile hema jeusi ambalo Wajerumani wanaoteshea bangi. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria inamruhusu mtu mzima miche mitatu ya bangi nyumbani kwake, ila ndugu yangu ukiotesha yako usije ukajisahau ukaipakia kwenye begi la kwenda Dar, kule ni jela.

Taa ni rahisi: LED ya wati 100, taima masaa 16, itundike sentimita 40 hivi juu ya majani. Hiyo inakula yuniti 1.6 kwa siku, piga hesabu na bei ya mkataba wako. Joto nyuzi 22 mpaka 26, basi.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Maji unayomwagilia hayapotei. Mchicha unayanywa halafu karibu yote unayatoa tena kupitia majani, kwa hiyo mimi niliyekuwa namwagilia lita mbili kila siku nilikuwa naziingiza lita mbili kwenye hewa ya chumba ninacholala, na chumba cha mita 12 za mraba kikiwa na nyuzi 20 hewa yake inabeba kama nusu lita tu imeshajaa. Nusu lita! Kwetu Tanga dirisha ni wavu na hewa inapita usiku kucha, nani alishawahi kuyawaza haya. Huku madirisha yamezibwa hata gari likipita husikii, mvuke unatafuta ukuta wenye baridi kuliko zote unatua hapo.

Kipima unyevu nilikitundika ndani ya hema, nikakuta asilimia 60, nikaridhika. Usirudie kosa hili. Kiweke nje ya hema, kwenye kona ya ukuta unaopakana na nje, na ukisome asubuhi kabla taa haijawaka kwa sababu taa ikizimika joto linashuka na unyevu unapanda. Kipupwe kikikolea, ukiona kimepita asilimia 50 chukua hatua siku hiyo hiyo. Mimi kabati nimekuja kulivuta siku ya kuhama, ukuta mweusi toka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, na suti niliyovaa harusi ya dada imeota ukungu wa kijani mgongoni.

Kwa hiyo bomba la feni ya hema litoke dirishani. Narudia, litoke dirishani, lisiishie chumbani. Ikishindikana nunua mashine ya kukausha hewa na maji yake uyamwage kila siku. Na fungua madirisha yote kabisa dakika tano mpaka kumi, mara tatu kwa siku. Wenyewe wanaita Lüften, nilikuwa naona ni uchizi kufungua dirisha nje kuna nyuzi sifuri na hita nailipia, nilikosea sana, ile hewa ya baridi ikishapata joto ndani inakuwa kavu, inayanyonya maji yako na ukifungua tena inatoka nayo. Kwa hilo nawapa heshima yao. Kinachoniuma ni jirani, aliyaona madirisha yangu yanatiririka maji miezi mitatu, kwangu hakuja, akaenda kwa mwenye nyumba. Nyumbani jirani angebisha hodi.

Na mama zetu, tunawapenda, ila acheni kutufichia mbegu kwenye unga. Tangu Desemba 2019 mbegu kutoka nje ya Ulaya lazima ziwe na cheti cha afya ya mimea, na anayesimamishwa forodhani ni mwanao.

Kabla hujasimamisha hema mwandikie mwenye nyumba, kwa barua siyo simu, na siku unayokabidhiwa funguo piga picha kila kona iingie kwenye protokoli, ile karatasi ya makabidhiano ya nyumba. Mimi sikuwa na picha hata moja ya ule ukuta ukiwa mweupe.