Degedege la Homa kwa Watoto Wadogo: Namna ya Kumhudumia Mtoto na Kuwatambua Walio Katika Hatari Zaidi

Ikiwa mtoto yuko katika degedege wakati huu, mlaze kwa ubavu juu ya mkeka au kanga iliyotandikwa chini, tazama saa, wala usimtie chochote mdomoni. Maelezo yanayofuata yanaweza kusubiri hadi mwili wake utulie.

Degedege la homa humpata mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5, joto la mwili wake likiwa limefika nyuzi 38 au zaidi, huku ubongo wenyewe ukiwa hauna maambukizi na mtoto akiwa hajawahi kupata degedege bila homa. Wengi hupatwa kwa mara ya kwanza kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako malaria si tatizo, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hulipata angalau mara moja kabla ya kufikia umri wa kuanza shule. Si jambo la nadra, wala si alama ya ukoo ulioandamwa na kitu.

Dalili zake hutisha mno. Macho hugeuka juu yakabaki meupe, meno hubana, mgongo na miguu hukakamaa, kisha mikono na miguu huanza kutikisika kwa mpigo mmoja. Mate hutoka kwa povu, midomo hubadilika rangi, na mtoto huweza kujikojolea. Hasikii akiitwa. Wazazi wengi waliolishuhudia kwa mara ya kwanza husema waliamini mtoto amekwisha kufa, na hofu hiyo ndiyo inayowasukuma watu kufanya mambo yanayomdhuru. Mara nyingi hali hiyo hukoma yenyewe ndani ya dakika chache, mtoto akabaki amelegea na mwenye usingizi.

Wakati wa degedege

Kazi ya aliye karibu ni kulinda njia ya hewa na kuhesabu muda. Mtoto akilala kwa ubavu, mate na matapishi hutoka nje badala ya kurudi kooni, na ulimi hauangukii nyuma. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu na kichwa, fungua vifungo vya shingoni, na kama amevishwa uzi au hirizi inayobana, ilegeze. Usimshike kwa nguvu ili asitikisike, kwa kuwa kufanya hivyo hakufupishi degedege na kunaweza kumuumiza. Ile hofu ya kwamba atameza ulimi haina msingi. Kijiko kinachopenyezwa kati ya meno huvunja meno na kuchana ufizi, na kidole cha mzazi nacho hujeruhiwa. Usimmwagie maji baridi, usimnusishe vitunguu wala mafuta ya taa, na usimpe dawa ya kunywa wala maji kabla hajazinduka kabisa, kwa sababu vitaingia kwenye mapafu.

Saa ni muhimu kwa sababu dakika 1 ya degedege machoni pa mzazi huonekana kama 10. Kama kuna mtu wa pili, achukue picha ya video kwa simu, ionekane iwapo mwili wote unatikisika au upande mmoja tu, kwani hilo litamsaidia sana daktari. Degedege likifika dakika 5 bila kukoma, anza safari ya kwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja mtu mwingine afike. Njiani mtoto apakatwe kwa ubavu, uso wake ukionekana. Tafadhali usimfunge mgongoni kwa kanga kama ilivyo desturi yetu, kwa maana shingo ya mtoto aliyelegea huinama, njia ya hewa hujikunja, nawe uliyembeba hutaona akiacha kupumua.

Baada ya kutulia

Hapa ndipo ninapoomba umakini mkubwa zaidi. Vitabu vingi vilivyoandikwa katika nchi zisizo na malaria humtuliza mzazi kwa kumwambia kwamba degedege la homa halina madhara, na hilo ni kweli likiwa ni degedege la homa tupu. Katika maeneo yetu, mtu aliye nyumbani hana namna ya kulitofautisha na degedege linaloletwa na malaria kali au na homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliofanywa Kilifi nchini Kenya kwa watoto waliolazwa kwa malaria ulionyesha kwamba degedege la malaria mara nyingi hujirudia au hushika upande mmoja, na linaweza kutokea hata joto likiwa chini ya nyuzi 38. Kwa hiyo kila mtoto mwenye homa aliyepata degedege apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, hata kama limekoma, hata kama ameamka na kunyonya vizuri.

Safari iwe ya haraka zaidi iwapo hajarudiwa na fahamu baada ya nusu saa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, shingo imekakamaa, utosi umevimba, anapumua kwa shida, au degedege limerudi. Kumbuka kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo bila shingo kukakamaa, kwa hiyo usitulie kwa kuona shingo inapinda.

Kwenye kituo, mtoto ambaye bado yuko katika degedege hupewa diazepamu, mara nyingi kwa njia ya haja kubwa. Dawa hii huweza kupunguza nguvu ya kupumua, na ndiyo maana haifai kununuliwa dukani na kutumiwa nyumbani kwa kukisia. Atatobolewa kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria na cha sukari, kwa kuwa sukari ikishuka nayo huleta degedege. Akionekana na malaria kali huanzishiwa artesuneti ya sindano, au ile ya kupitishia njia ya haja kubwa ikiwa ni mtoto wa chini ya miaka 6 anayepelekwa kwa rufaa kutoka mbali. Daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, msikatae. Hicho ndicho kipimo kinachothibitisha homa ya uti wa mgongo, na mtoto hapoozi kwa kupimwa hivyo.

Katika sehemu nyingi za pwani bado kuna imani kwamba degedege huletwa na pepo au ndege mbaya, na kwamba mtoto akichomwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa. Naelewa imani hiyo ilivyozaliwa. Mtoto huanza kwa mganga, hufukizwa moshi, siku hupita, na anapofikishwa hospitali malaria imekwisha kumlemea. Akifariki baada ya sindano, watu hukumbuka sindano na kusahau siku zilizopotea. Ikiwa nyumbani kuna mkubwa anayeshikilia rai hiyo, hapana haja ya kugombana naye wala kumdharau. Mwambie kwa adabu, "Bibi, twende zahanati kwanza apimwe damu, mengine tutayazungumza tukirudi," na ikiwezekana mchukue mwende pamoja.

Watoto walio katika uwezekano mkubwa zaidi

Kihatarishi kikubwa kuliko vyote baada ya umri ni damu ya familia. Mtoto ambaye baba, mama au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kupata degedege la homa ana uwezekano mkubwa kuliko wengine, na hata shangazi au mjomba aliyewahi kulipata huhesabiwa. Kwa hiyo waulize wazee wa pande zote mbili mapema, kabla ya homa ya kwanza. Wengine ni mtoto aliyelazwa wodi ya watoto wachanga kwa takriban mwezi mzima baada ya kuzaliwa, mtoto anayechelewa katika hatua za ukuaji, na mtoto anayeshinda kwenye kituo cha kulelea watoto, ambako mafua na homa huambukizwa kwa urahisi. Vikikutana vihatarishi viwili au zaidi kati ya hivi, uwezekano hupanda hadi kukaribia watoto 3 kati ya 10. Kadiri joto linavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka, na baadhi ya virusi, kama vile vya mafua makali, hujulikana kwa kuchochea degedege zaidi.

Tafiti nyingi, ingawa si zote, zimeona upungufu wa madini ya chuma mara nyingi zaidi kwa watoto waliopata degedege la homa kuliko kwa waliopata homa pekee. Hata uhusiano huo usingekuwapo, kumpa mtoto dagaa waliosagwa, maini, maharage na mboga za majani pamoja na chungwa au ndimu, na kumnyima chai wakati wa chakula, ni jambo lenye faida kwa damu yake.

Chanjo nazo huweza kuleta homa. Baada ya chanjo ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena 18, homa huweza kuja katika wiki ya pili, na watoto wachache sana hupata degedege. Surua yenyewe huleta homa kali zaidi na huweza kushambulia ubongo. Kihatarishi hiki kisimfanye mzazi yeyote kuruka tarehe ya kliniki. Amweleze tu muuguzi historia ya mtoto.

Takriban mtoto 1 kati ya 3 waliopata degedege la homa hulipata tena, na kwa waliolipata kabla ya kutimiza mwaka ni karibu nusu. Kurudia huwa rahisi zaidi pia pale familia ina historia hiyo, na pale degedege la kwanza lilipotokea homa ikiwa bado ndogo au ikiwa haijatimiza hata saa 1.

Dawa ya homa, na yasiyozuilika

Parasetamoli humpunguzia mtoto maumivu na uchovu wa homa, lakini majaribio yameonyesha kwamba kwa kawaida haizuii degedege lisirudi katika homa nyingine. Nasisitiza hili kwa ajili ya akina mama wanaolaumiwa kwa kuchelewa kutoa dawa: mara nyingi degedege ndiyo dalili ya kwanza ya homa, kabla hata mtu hajamgusa mtoto na kuhisi joto. Kiasi chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hutosheka na hizo mililita 5, zilizopimwa kwa bomba au kikombe cha kwenye boksi, kwani vijiko vya jikoni hutofautiana. Soma maandishi ya chupa, maana ziko zenye nguvu maradufu. Aspirini asipewe. Mvishe nguo nyepesi, mnyonyeshe mara kwa mara, na kila usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Degedege la kawaida, yaani lililoshika mwili wote kwa chini ya dakika 15 na halikurudi ndani ya saa 24, haliharibu akili wala halimzuii mtoto kufanya vizuri shuleni. Hatari ya kifafa baadaye huongezeka kidogo tu, kutoka takriban mtoto 1 katika 100 hadi 2. Lililoshika upande mmoja, lililozidi muda huo au lililojirudia siku hiyo hiyo huhitaji ufuatiliaji wa daktari kwa miezi ijayo, hasa kwa mtoto anayechelewa kukua.

Dada wa nyumbani, mwalimu wa chekechea na kila anayebaki na mtoto waonyeshwe namna ya kumlaza kwa ubavu, kwa vitendo, mtoto akiwa mzima. Kwenye kadi ya kliniki au daftari lake andika tarehe, saa, muda wa degedege, upande ulioshikwa, joto lililopimwa na dawa alizopewa, kisha kadi hiyo ikae mahali ambapo yeyote atakayembeba mtoto ataichukua anapotoka.