Tetemeko limepasua jengo la zege: amua matengenezo hatua kwa hatua

Dodoma ipo kwenye Bonde la Ufa, na upande wa Chenene na Bahi ardhi ina mipasuko ya kale. Ikitikisika, wenye majengo wengi hukimbilia lipu na rangi. Naomba hivyo visubiri.

Hatua ya 1: Usalama. Toa watu, zima meni swichi. Mitetemo midogo hufuata kubwa, na huweza kuangusha kilicholegea. Bimu unazozitilia shaka ziwekewe mirunda, kuanzia ghorofa ya chini.

Hatua ya 2: Bandua lipu. Ufa ukiishia kwenye lipu, shukuru. Ukiingia kwenye zege, pima upana wake, kisha weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake uone kama unaendelea.

Hatua ya 3: Soma ufa. Ufa unaofuata maungio ya tofali na nguzo mara nyingi haugusi uwezo wa jengo, ila ukuta ule ufungwe kwenye nguzo usije ukaangukia mtu. Wa mshazari kwenye nguzo, hasa nyufa mbili zikipishana kama X, ni hatari. Zege likiwa limemeguka na nondo zimepinda kutoka nje, nguzo hiyo usiihesabu tena.

Hatua ya 4: Chagua tiba. Ufa mwembamba chini ya milimita 0.3 unazibwa tu maji yasifike kwenye nondo. Mpana zaidi, zege likiwa bado zima, hudungwa epoksi (gundi ya kemikali inayokauka na kuwa ngumu), baada ya kupuliza vumbi lote. Zege lililosagika lichongwe hadi ufikie gumu, nondo zilizopinda zikatwe na kubadilishwa.

Hatua ya 5: Uliza kwa nini nguzo imevunjika. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pima nafasi kati ya ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za nguzo. Ukikuta zimeachana sentimita 30, epoksi itairudisha nguzo kwenye udhaifu uleule. Ivishe koti la zege, yaani tabaka jipya kuizunguka nguzo: kwaruza zege la zamani, pitisha nondo mpya kwenye slabu hadi msingi, funga ringi kila sentimita 10 karibu na maungio, ncha zake zikipindwa kuingia ndani ya nguzo. Majengo yenye fremu za maduka chini na kuta juu yaangaliwe zaidi, maana ghorofa ile ya wazi ndiyo huyumba kwanza.

Usivishe nguzo moja kwa kubahatisha: ikiwa ngumu kuliko wenzake, itavuta mzigo mkubwa kwake. Hesabu hizo afanye mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Na kama nguzo nyingi za chini zimetoka kwenye timazi, hazijasimama wima tena, na zege linapukutika kwa nyundo, mimi nashauri kubomoa.