Hiyo ndege ina TV? Namna ya kujiandalia skrini yako kwa safari fupi

Kabla hata ya kuuliza uzito wa begi, wateja wangu huuliza: "Dada, hiyo ndege ina TV?" Huu ni mwaka wa nne nakata tiketi hapa Mwanza, na kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka 11, kwa hiyo swali hilo nimelijibu nikiwa ardhini na angani. Kwa safari za ndani na za nchi jirani jibu langu halijabadilika: usiitegemee, na wala hutaihitaji, ili mradi usiku wa kuamkia safari uipe simu yako nusu saa.

Tupige hesabu kwanza. Tiketi ya Dar–Nairobi inasema saa 1 na dakika 20 hivi. Humo kuna ndege kujikokota mpaka njia ya kurukia, kuna kupanda, kuna toroli la soda na karanga, na dakika kama 25 za mwisho ni kushuka: funga mkanda, kunja meza, nyanyua kiti. Unabaki na dakika 35, au 40 ukibahatika. Filamu ya Kihindi kwa muda huo haijafika hata wimbo wa pili.

Nimewahi kufanya kazi kwenye ndege ndogo zenye skrini kila kiti. Haikupita safari bila mtu kubonyeza kengele: "TV yangu haiwaki." Kuiwasha upya ilibidi uzime safu nzima, na jirani zake waliokuwa wanatazama salama salimini wanaanza kukununia wewe. Nembo inazunguka, inazunguka, na ikija kutulia rubani anatangaza tumeanza kushuka. Chini ya kiti nako kuna kisanduku cha umeme wake, mguu hauna pa kwenda. Uzito wote huo unapandishwa angani mara tano, sita kwa siku, na ndege za safari fupi mafuta yake huishia sana kwenye kupanda.

Mwaka 2017 American Airlines walitangaza kwamba Boeing 737 MAX zao mpya hazitakuwa na skrini vitini, kwa hoja kwamba zaidi ya asilimia 90 ya abiria wao hupanda na simu, tableti au kompyuta zao. Delta wakashika njia nyingine, wakaendelea kuziweka vitini, na baadaye United nao wakafanya hivyo. Siwalaumu, maana huko Marekani ndege yenye ujia mmoja inaweza kukatiza bara zima kwa saa 5 au 6. Hata sisi, Dar hadi Dubai kwa 737 ni zaidi ya saa 5, na hapo skrini naidai kwa mdomo wangu. Ninayoeleza hapa ni ya safari isiyofika saa 2.

Ukikata tiketi, uliza aina ya ndege. Ukiambiwa ATR au Dash 8, yaani za mapangaboi, suala la skrini limeisha. Jeti ndogo hutofautiana, ila wewe jiandae kana kwamba haina. Baadhi hurusha filamu kwa waifai ya humo humo ndani. Hiyo si intaneti. Kuna mtambo ndani ya ndege uliojazwa filamu, simu yako inaunganishwa nao. Wengine wanataka uwe na programu yao, kwa hiyo ishushe ukiwa nyumbani, maana mlango ukishafungwa bando lako halina msaada.

Kupakua fanya usiku, kwenye waifai au bando la usiku, na upakue ndani ya programu yenyewe ya video. Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: ukiwa bado kitandani, weka simu kwenye hali ya ndegeni (airplane mode), funga programu kabisa, ifungue tena, chezesha kila ulichopakua japo sekunde kumi. Mimi niliwahi kupanda na vipindi sita vya tamthilia, nikajiona mjanja. Nilipofungua, programu ikanitaka niingie upya kwa nywila, na kuingia kunataka mtandao. Nikasoma kadi ya usalama, ile ile niliyokuwa naionyesha kwa abiria miaka yote.

Sasa ramani, na hapa ndipo ninapokubali kwamba skrini ina kazi. Safari moja ya kuja Mwanza kulikuwa na mzee dirishani, kofia ya ukili magotini, aliyeniita mara tatu. "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nikainama, nikaona mawingu matupu. "Nadhani Singida, babu." Baada ya robo saa kengele tena. Nikabahatisha Shinyanga. Mara ya tatu akacheka, akasema, "Wewe hujui, unanifurahisha tu." Kweli tupu. Hakutaka filamu wala muziki. Alitaka kujua anapita juu ya nyumba za akina nani.

Simu inaweza kukujibu hilo. Hali ya ndegeni inazuia simu kutuma, lakini mawimbi ya setilaiti inaendelea kuyapokea. Kwenye Google Maps gusa picha yako juu, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha chora kisanduku juu ya eneo utakalopita. Kimoja hakitoshi Dar hadi Mwanza. Chukua viwili, vitatu vinavyofuatana. Hakikisha huduma ya mahali imewashwa. Ukiwa juu, ibandike simu kwenye kioo cha dirisha na uipe dakika moja, mbili. Kidoti cha bluu kikishajitokeza utakiona kinakimbia juu ya wilaya ambazo hukuwahi kuzisikia. Aliyekaa ujiani atahangaika, kwa hiyo omba dirisha. Nairobi kwenda Dar mimi huwapa wateja upande wa kulia na kurudi upande wa kushoto, kwa sababu ya Kilimanjaro. Hiyo ukiiona wazi, simu utaisahau mwenyewe.

Chaji simu mpaka ijae kabla ya kutoka nyumbani, usiitegemee pawabenki. Hiyo haiingii kamwe kwenye begi la kwenda chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100: zidisha namba ya mAh, yaani ukubwa wa chaji ulioandikwa juu yake, kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 20,000 inatoka 74, uko salama. Ila kuruhusiwa kubeba si kuruhusiwa kutumia. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini uwanjani Busan, na wachunguzi wakasema huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Tangu hapo mashirika mengi yamekaza. Emirates, kuanzia 1 Oktoba 2025, wanakuruhusu moja tu, na humo ndani huichaji wala huitumii kuchajia kitu. Iweke mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele, ambako ikianza kutoa moshi itaonekana upesi.

Na simu ikidondoka katikati ya viti, tafadhali, usilaze kiti, usikinyanyue, usichokonoe. Kaa kimya na ubonyeze kengele. Nilimkuta baba mmoja anarudisha kiti nyuma na mbele akitafuta yake, nikamshika bega kabla ya salamu. Chuma cha kiti kikiiminya betri, kinachofuata ni moto, na mko futi 25,000.

Hedifoni za waya hazikuangushi. Za Bluetooth nazo zinaruhusiwa: weka kwanza hali ya ndegeni, halafu uwashe Bluetooth peke yake. Kusikiliza mahubiri kwa spika ya simu, ndugu yangu, hapana. Kava linalofunguka kama daftari chomeka ubavu wake nyuma ya kile kitasa cha kufungia meza, simu inaning'inia usawa wa macho na shingo haiumi. Ndege ikianza kushuka iondoe. Mtoto mpakulie katuni anazozijua, mpya atazikataa, na ubebe pipi kwa ajili ya masikio.

Magurudumu yakishuka utasikia mngurumo chini ya miguu. Hapo hapo ingiza mkono kwenye mfuko wa kiti mpaka chini kabisa. Miaka 11 nimetoa humo miwani, chaja, bahasha za hospitali, na simu nyingi bado filamu inaendelea.