Tairi zisizo na tyubu kwa njia ya Marafa

Jumamosi moja nilirudi Malindi kutoka Marafa, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaanza kuhesabu miiba kwenye tairi ya nyuma. Ilikuwa 11, yote ya mti wa mathenge, mingine imekatikia ndani. Upepo haukuwa umepungua. Siku za tyubu, mwiba mmoja wa aina hiyo ulinikalisha chini na solusheni na kiraka, jua la saa saba likinichoma kisogo.

Sasa natumia tairi zisizo na tyubu, ambazo mafundi wanaziita tyubulesi. Tairi inakaa moja kwa moja kwenye rimu, na ndani yake mnatiwa dawa ya kuziba, majimaji meupe kama tui, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaokimbilia nje unaisukuma dawa kwenye tundu, inaganda pale pale. Ukienda kwenye mathenge na migunga kila wiki kama mimi, nakusihi uhamie huku. Ila fanya kazi yenyewe kwa subira, maana ikifanywa kwa haraka utazichukia tairi hizi bure.

Anza na rimu kabla hujatoa pesa ya tairi. Tafuta maandishi ya "Tubeless Ready" au herufi TLR. Baiskeli nyingi za mtumba ni za inchi 26 na rimu zake ni za zamani, hazina ngazi ya ndani ya kushika ukingo wa tairi. Wapo wanaozilazimisha. Mimi sizigusi, kwa sababu ukikata kona kali tairi inaweza kutema upepo wote kwa mkupuo. Kisha soma namba zilizo ubavuni mwa tairi unayoitoa: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Ukimwambia muuzaji 57-622 hawezi kukosea, kwani 57 ni upana kwa milimita.

Kwenye tairi, macho yangu huenda kwanza kwenye ubavu. Mwiba dawa itauziba. Tundu la milimita 5 kwenye uso wa tairi, pengine nalo litazibika. Lakini jiwe la tumbawe likipasua ubavu, hapo dawa inamwagika chini na safari imekwisha. Vijia vya upande wa Watamu na Mida vina mawe hayo yaliyochomoza kama meno, na ndiyo yaliyoniulia tairi nyepesi niliyoinunua kwa bei kubwa. Tangu siku hiyo nanunua yenye ubavu ulioongezwa tabaka la kuukinga, hata kama ni nzito kwa gramu 200. Upana nachukua inchi 2.3 au zaidi, kwa sababu ndani ya Arabuko-Sokoke, ukifika kwenye misitu ya mrihi, mchanga ni mweupe na laini na tairi nyembamba inazama. Tairi ya kawaida ya tyubu usiijaribu. Ukingo wake haukutengenezwa kushika peke yake, unaweza kuchomoka.

Sasa tepu, ile inayoziba matundu ya spoku ndani ya rimu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mara ya kwanza nilitumia tepu ya kufungia maboksi, kwa kuwa ile ya rimu niliiona ghali. Nilipofika daraja la Sabaki gurudumu la mbele lilikuwa limelala, na nilisukuma baiskeli hadi nyumbani. Tepu ilikuwa imelainika kwa joto na kujivuta kutoka kwenye matundu ya spoku. Nunua tepu ya rimu yenyewe, iliyo pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, ipande kidogo kwenye kuta za pande zote mbili.

Toa utepe wa zamani, sugua rimu kwa kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa, uache ikauke kabisa. Usiguse tena ndani kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaizuia tepu kushika. Anza sentimita 10 kabla ya tundu la vali, vuta tepu kwa nguvu kama unayesuka ukili, huku kidole gumba kikiikandamiza katikati, kwenye bonde la rimu. Zungusha mara mbili, ulipite tundu la vali tena kwa sentimita 10 ndipo ukate. Ukiona kiputo cha upepo chini ya tepu, kisukume kwa gumba hadi kitokee pembeni. Baada ya hapo toboa tundu la vali kwa msumari mwembamba uliotiwa moto, ili liwe duara safi lisilochanika. Kisha mimi huweka tairi na tyubu ya kawaida, nikajaza upepo na kuacha hadi asubuhi. Tyubu inaigandamiza tepu kila pembe kuliko mkono wowote. Asubuhi unaitoa.

 Ingiza vali ya tyubulesi, kaza nati yake kwa vidole tu. Usitumie koleo, kwa sababu siku utakapohitaji kuitoa porini utakuwa na vidole tu, na chumvi ya pwani hii huishikisha nati ya alumini upesi.

Kuvalisha tairi: tazama mshale wa mwelekeo, anzia upande ulio mkabala na vali, umalizie penye vali, huku ukingo ukiusukumia ndani ya bonde la rimu ili upate nafasi. Paka kingo zote mbili maji ya sabuni. Toa moyo wa vali, kile kipande cha ndani kinachofunguka kwa kuzungusha, upepo upite kwa wingi. Pampu ya kusimama wakati mwingine inatosha. Isipotosha, nenda gereji ya jua kali yenye kompresa na bunduki ya upepo, uelekeze kwenye vali iliyo wazi kwa mipulizo mifupi mifupi. Utasikia pa! pa! Hiyo ni kingo kukaa mahali pake. Presha isipite iliyoandikwa kwenye tairi wala kwenye rimu. Iliyo ndogo kati ya hizo ndiyo unayoifuata.

Mpwa wangu hunishikia gurudumu wakati huu na kulipaka povu. Siku moja aliniita, "Mjomba, njoo uone, povu linachemka kwenye spoku."

"Spoku ya wapi?"

"Hii, upande wa pili, mbali na vali."

Nikamwambia tutoe tairi tuanze upya. Povu likitokea kwenye spoku au kandokando ya vali, upepo umeshapita chini ya tepu, na unaweza kusafiri ndani ya rimu na kutokea mbali na penye kosa. Dawa haitaliponya hilo. Povu dogo kwenye ubavu wa tairi, hilo usihangaike nalo, dawa italimaliza.

Kingo zikishakaa, achia upepo, mimina dawa kupitia vali, mililita 100 hadi 120 kwa tairi ya 29. Tikisa chupa sana kwanza. Rudisha moyo wa vali, jaza upepo, zungusha gurudumu, kisha lilaze juu ya ndoo, dakika chache kila upande. Mimi nina kilo 70 na ninatumia presha ya psi 22 mbele na 25 nyuma. Nikienda mchangani napunguza 3 au 4.

Joto la Malindi hukausha dawa, na chupa inayoahidi miezi sita huko Ulaya usiitegemee hapa. Kila baada ya wiki sita tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, ongeza mililita 60.

Njiani bado beba tyubu moja, pampu na kamba za kuziba, zile zinazosokomezwa kwenye tundu kubwa. Ubavu ukipasuka na ikabidi uweke tyubu, toa vali ya tyubulesi, kisha kabla ya yote pitisha kitambaa ndani ya tairi nzima, polepole. Ile miiba 11 ambayo dawa ilikuwa imeinyamazisha bado imo humo, ncha zikiangalia ndani. Kitambaa kitanasa penye mwiba. Uchomoe kwa koleo dogo, kisha upitishe tena mara ya pili.