Kuondoa mikwaruzo kwenye malakaiti na kuing'arisha kwa mkono, bila mashine

Malakaiti nyingi tunazouziwa huku Afrika Mashariki, yale mayai ya kijani, shanga, bangili na visahani vya pete, zinatoka Katanga, upande wa Kolwezi na Lubumbashi, kwenye ukanda wa shaba wa Kongo. Jiwe lenyewe ni kaboneti ya shaba, na ndiyo maana ni la kijani. Ni jiwe laini pia: kwenye kipimo cha Mohs, ambapo almasi ina 10, malakaiti ina 3.5 hadi 4. Kisu cha jikoni kinaikwaruza. Hata vumbi la mezani linaikwaruza, maana ndani yake mna chembe za mchanga wa kwazi wenye ugumu wa 7. Anayefuta bangili yake kwa kitambaa kikavu kila asubuhi anaimaliza kidogo kidogo bila kujua.

Ulaini huohuo ndio unaotuwezesha kuitengeneza nyumbani kwa mikono miwili, maji na msasa. Ninachoomba kwako ni subira na usafi. Kazi nyingi ninazoletewa zikiwa zimeharibika, mhusika alikuwa na vifaa vyote vinavyotakiwa. Aliruka hatua, au hakuosha.

Kabla ya maji: usalama

Vumbi la malakaiti ni sumu ukilivuta au kulimeza, kwa sababu ya shaba. Kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu hata mara moja, hata kwa "kasehemu kadogo tu". Fanya kila kitu kwenye maji, tumia beseni ambalo halitarudi jikoni, weka watoto mbali, na nawa mikono vizuri kabla ya kushika chakula. Maji yatageuka ya kijani. Yaache usiku kucha yatuame, mwaga ya juu taratibu, kisha tope lililobaki lifute kwa karatasi, lifunge na ulitupe. Usilimwage bustanini wala mahali kuku wanapokunywa.

Hakikisha ni jiwe kweli

Malakaiti halisi ni nzito kuliko unavyotarajia, inafika karibu mara 4 ya uzito wa maji, na ukiigusa ni baridi. Mistari yake haijirudii. Plastiki ni nyepesi, inapata joto upesi kiganjani, na mistari yake imenyooka kama ya kuchapwa. Zipo pia zilizotengenezwa kwa unga wa malakaiti uliogandishwa kwa gundi. Hizo zinaziba msasa haraka na haziwezi kung'aa kama jiwe zima. Tafadhali usizijaribu kwa limau au siki. Asidi inachemka juu ya malakaiti na kula uso wake papo hapo.

Vifaa

Nenda duka la rangi za magari uombe msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi wa kupiga rangi. Chukua namba 600, 1000, 2000 na 3000; namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Namba 400 chukua tu kama kuna mkwaruzo wa kina sana. Tafuta pia mabeseni mawili, sabuni ya maji, mswaki laini, kipande cha kioo kinene, kipande cha ngozi laini kilichogundishwa kwenye kibao, na taa unayoweza kuiinamisha. Kwa hatua ya mwisho utahitaji oksidi ya bati au oksidi ya kromu, ambazo wauzaji wa vifaa vya wakata vito wanazo. Ya kromu ni ya kijani na inafaa sana kwa malakaiti, ila inachafua nguo na fedha ya pete, na kuitoa ni kazi.

Hatua ya 1: soma mikwaruzo

Osha jiwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, kisha lilaze chini ya taa inayomulika kutoka pembeni. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, anza na namba 600. Usipokwama, lakini jicho linauona, anza na 1000. Ukungu mtupu bila mistari unaweza kuanza na 2000.

Tofautisha mkwaruzo na ufa. Ufa unaingia ndani, mara nyingi ukifuata mistari ya jiwe, na hautoki kwa kusuguliwa; ukiufuata utalimaliza jiwe. Kama jiwe limeshikwa na fedha, funika fedha kwa selotepu ya karatasi.

Hatua ya 2: msasa, na hapa ndipo kazi yote ilipo

Loweka msasa dakika kumi kabla. Kwa uso ulio bapa, laza msasa juu ya kioo na usogeze jiwe. Kwa yai au shanga, shika msasa kiganjani huku ukizungusha jiwe muda wote, maana ukikaa mahali pamoja utatengeneza ubapa ambao utaonekana vibaya baada ya kung'arisha. Mkono uwe mwepesi. Acha msasa ukate.

Usisugue juu ya mkwaruzo peke yake. Hapo utachimba kishimo, na kishimo hakionekani mpaka siku jiwe linapong'aa na mwanga unapopinda juu yake. Panua eneo angalau mara tatu ya mkwaruzo wenyewe, na kwa jiwe dogo ni afadhali usugue uso wote.

Mwelekeo ndio unaokuonyesha umefika wapi. Kwa namba 600 sugua upande mmoja, tuseme kutoka kaskazini kwenda kusini, hadi mistari yote unayoiona iwe inaelekea huko. Ukihamia 1000, sugua kwa kukata, mashariki na magharibi. Mstari wowote uliobaki wa kaskazini-kusini ni wa 600 bado, na hautaondoka kwa 2000 hata ukisugua hadi jioni. Rudi uumalize kwa 1000. Endelea hivyo, ukibadilisha mwelekeo kwa kila namba, mpaka 3000.

Jiwe lililolowa linadanganya. Maji yanajaza mikwaruzo na kuonyesha mng'ao ambao haupo. Kila unapotaka kuamua kama hatua imeisha, kausha kabisa, ngoja kidogo, ndipo uangalie chini ya taa.

Kati ya namba moja na nyingine osha jiwe kwa mswaki na sabuni, osha mikono na chini ya kucha, badilisha maji. Niliwahi kutengeneza kidani cha mama mmoja, nikafika 3000, kisha ukatokea mkwaruzo mmoja mrefu katikati. Ilikuwa chembe moja ya 600 iliyobaki kwenye tundu la kupitishia uzi. Nilirudi mwanzo, saa mbili nzima zikapotea. Tangu siku hiyo matundu nayasafisha kwa uzi wa meno.

Jambo jingine la malakaiti: mistari yake hailingani ugumu. Ukitumia sponji laini nyuma ya msasa, mistari laini inaliwa zaidi na uso unakuwa na mawimbi. Weka kitu kigumu kiasi nyuma, kama raba ya kufutia au kipande cha ngozi nene, na badilisha msasa ukichakaa. Msasa uliochakaa haukati tena, unavuta tu.

Hatua ya 3: kung'arisha

Changanya unga wa oksidi na maji kidogo hadi uwe kama uji mwepesi, paka kwenye ngozi, usugue kwa mizunguko midogo. Mng'ao unakuja pale ngozi inapoanza kukauka na kushika jiwe kidogo. Ongeza tone la maji na uendelee. Shanga moja inaweza kuchukua robo saa. Dawa ya meno wengi wanaisifia, lakini kwa malakaiti mimi sijapata nayo mng'ao wa kioo, hata nikisugua muda mrefu. Epuka pia pasta yoyote yenye amonia.

Mwisho, jiwe likiwa safi na limepata vuguvugu kidogo la jua, paka nta ya nyuki nyembamba na uisugue kwa pamba hadi usiione. Nta inaziba vitundu vidogo na kuongeza kina cha rangi. Mikwaruzo haiifichi, au inaificha wiki moja tu.

Mawe mengine

Njia hiihii inafaa jiwe la sabuni la Kisii, ambalo ni laini zaidi. Kaharabu ina ugumu wa 2 hadi 2.5: anza na 1500 au 2000, na usiisogeze karibu na spiriti wala manukato. Lulu usiipige msasa kabisa. Tanzanaiti, ingawa ni ngumu zaidi, inapasuka kirahisi. Mpelekee fundi mwenye mashine.

Kujua kama umemaliza

Kaa karibu na dirisha, uangalie taswira ya nondo zake juu ya jiwe. Nondo zikinyooka kwenye uso bapa, au zikipinda kwa ulaini kwenye yai, umemaliza. Zikitetemeka kuna mawimbi, na dawa yake ni kurudi 1000 na kitu kigumu nyuma ya msasa. Likishakuwa tayari, lifunge kwenye kitambaa chake peke yake, mbali na vito vingine, na siku ya kulisafisha litie maji kwanza kabla ya kulifuta.