Jinsi ya kudaka mlipuko wa miale ya gama ukiwa Kampala

Kwanza sahau habari ya kuchungulia kwenye lenzi. Miale ya gama haifiki chini, hewa inaizuia huko juu, kwa hiyo anayekesha ni setilaiti, wewe kazi yako ni kuwahi. Na hata huko juu hakuna lenzi, Swift, setilaiti ya NASA ya kuwinda milipuko hii, imewekewa maelfu ya vipande vya madini ya risasi vinavyotupa kivuli kwenye vipokezi, kama vile kivuli cha grili ya dirisha ukutani kinavyokwambia boda yenye taa iko upande gani barabarani, basi kompyuta inapiga hesabu na setilaiti inajigeuza yenyewe ndani ya dakika moja mbili hivi.

Fungua akaunti ya GCN, mtandao wa NASA unaotuma taarifa za milipuko, ni bure, chagua Swift na Fermi, setilaiti nyingine ya NASA ya miale ya gama. Meseji za kwanza zinatoka kwa mashine na za Fermi zinaweza kukosea mahali kwa digrii kadhaa, usikimbilie kutangaza kwenye WhatsApp, ngoja sakula (circulars), yaani ripoti fupi zinazoandikwa na watu. Mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022, ule mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, Swift iliukuta karibu saa moja baada ya Fermi, na mwanzoni ukadhaniwa ni kitu cha hapa hapa kwenye galaksi yetu, kumbe umetoka umbali wa miaka ya nuru karibu bilioni 2!

Sasa data. Ya Swift nyingi inashushwa Malindi, ndio, Malindi hii hii ya Kenya. Ila mimi nakushauri uanze na Fermi, ingia HEASARC, hazina ya data ya NASA mtandaoni, utafute folda ya mlipuko. Jina linatisha lakini linasomeka: bn221009553 ni mwaka, mwezi, siku, halafu 553 ni sehemu ya siku iliyopita, zidisha 0.553 kwa 24 unapata saa 13.27 za UTC (saa za dunia), yaani saa 13 na dakika 16, ongeza tatu za kwetu, ni saa kumi na robo hivi jioni. Mimi mara ya kwanza nilisahau zile tatu, nikabishana na watu nusu siku nzima, banange.

Usianze na huo wa 2022 lakini, ulizidi nguvu ya vipokezi, grafu yake itakuchanganya. Chukua mtulivu. Angalia kwanza picha za quicklook, yaani grafu za muhtasari zilizokwisha chorwa, maana hazili MB, faili za TTE, zenye muda wa kila mwale uliopokelewa, ni nzito, ziache hadi upate wifi. Vipokezi vidogo viko 12, usivijumlishe vyote, chagua viwili vitatu ambavyo kwenye grafu mruko umesimama vizuri, hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeutazama mlipuko, vingine vinakuongezea kelele tu.

Halafu pima mlipuko ulidumu muda gani. Chini ya sekunde 2 unaitwa mfupi, mara nyingi ni nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zimegongana; zaidi ya hapo kwa kawaida ni nyota kubwa imeporomoka.